Inchi 32 siyo upana wa televisheni

Mwezi uliopita familia sita za mtaa wetu tulichanga kununua televisheni, maana ile ya kichogo, inchi 21, ilikufa kabisa. Nikatumwa Kigali na pesa za watu, na sharti moja: iingie ndani ya lile kabati la mbao lenye kufuli. Bila kufuli, jamani, mnajua wenyewe. Ndani ya kabati upana ni sentimita 75.

Nikashuka Nyabugogo, nikapanda mpaka madukani mjini. Muuzaji mmoja akaniambia, "Mzee, inchi 32 ni sentimita 81, haiingii. Chukua ya 24, ama ununue na meza yangu." Kuzidisha kwake kulikuwa sawa: 32 mara 2.54 ni 81.28. Lakini hiyo 81 haiendi kushoto kwenda kulia. Inchi za televisheni zinapimwa kwa mshazari, kona ya chini mpaka kona ya juu ya upande wa pili.

Hapo ndipo kanuni ya Pythagoras inapoingia. (Wababeli waliijua zaidi ya miaka elfu moja kabla yake, ila sifa kachukua yeye.) Mafundi wa nyumba wanaitumia kwa kamba: mita 3 upande huu, 4 upande ule, na kati ya ncha zikipatikana 5, kona imenyooka. 9 na 16 ni 25, na 25 ni 5 mara 5. Televisheni za kichogo zilikuwa za umbo hilohilo, 4 kwa 3.

Za siku hizi ni 16 kwa 9. Nikaomba karatasi. 16 mara 16 ni 256, 9 mara 9 ni 81, jumla 337. Kipeuo chake ni kama 18.36. Nikagawa 81.28 kwa 18.36, nikapata 4.43. Mara 16, upana ni sentimita 71. Mara 9, kimo ni 40.

Hesabu hiyo ni ya kioo tu, fremu haimo, kwa hiyo tukaipima kwa tepu: 73. Muuzaji akacheka, akaacha habari ya meza.

Na ile ya 24? Kimo chake ni sentimita 30, wakati ile yetu ya 21 iliyokufa ilikuwa na 32. Yaani bibi zetu wa benchi la nyuma wangepata picha fupi kuliko ya zamani, tena kwa pesa mpya!

Nikalipa ya 32. Imebaki sentimita moja kila upande, na fundi ametoboa matundu nyuma ya kabati ili joto litoke. Asiyependa vipeuo azidishe inchi kwa 2.2 apate upana wa kioo kwa sentimita, na kwa 1.25 apate kimo, kisha aulize fremu.