Butembo-Beni: Safu ya tatu katika daftari la konkuru

Mjini Butembo na Beni, vijana wenye diploma wanaojitayarisha kwa konkuru za kazi ya serikali, kama ile ya ENA, hukariri pia mikataba ya amani ya Maziwa Makuu. Kati yao yuko binti mmoja aliyekimbia vita katika tarafa ya Beni. Leo anakaa Butembo pamoja na mama yake, kwa jamaa waliowapokea.

Daftari lake lilikuwa na safu mbili: tarehe, na waliotia sahihi. Lusaka, tarehe 10 Julai 1999: Kongo, Angola, Namibia, Zimbabwe, Rwanda na Uganda. Luanda, 6 Septemba 2002: Kinshasa na Kampala. Pretoria, 17 Desemba 2002: Wakongomani wenyewe kwa wenyewe, hata RCD-K/ML iliyotawala Beni na Butembo. Goma, 23 Machi 2009: serikali na CNDP, ndiko M23 ilikotoa jina lake. Addis-Abeba, 24 Februari 2013: nchi 11. Washington, 27 Juni 2025: Kongo na Rwanda.

Jioni anasoma kwa sauti ili asisahau. Siku moja mama yake, akichambua maharagwe, akauliza: «Na wale waliotufukuza sisi, walitia sahihi wapi?»

Binti alitafuta. ADF wametajwa katika mkataba wa Lusaka, kati ya makundi yaliyopaswa kunyang'anywa silaha. Ule wa Luanda uliwaacha askari wa Uganda kwa muda kwenye miteremko ya Ruwenzori, mpaka nchi hizo mbili zipange namna ya kulinda usalama wa Uganda. Lakini ADF wenyewe hawakutia sahihi hata mmoja kati ya mikataba ile sita. Mauaji yaliyoanza Beni mwezi wa Oktoba 2014 yamejibiwa kwa operesheni za kijeshi, na tangu tarehe 30 Novemba 2021 jeshi la Kongo na la Uganda wanapigana pamoja chini ya jina la Shujaa.

Hapo akachora safu ya tatu: wasiokuwemo. Mwenzake wa kusoma alimwambia kwamba safu hiyo haileti pointi, akariri tarehe tu. Yeye alijibu kwamba atakayepita konkuru anaweza kutumwa kazi mahali ambapo wahami watamuuliza: «Redio imesema amani imetiwa sahihi, turudi shambani?» Mtu akijua tarehe bila kujua nani hakuwemo, anaweza kuwarudisha watu kwenye kifo.

Kwa hiyo, ninyi vijana mnaojitayarisha, na ninyi wazazi mnaosikiliza habari: mkataba unamfunga aliyeusaini. Ukisikia mwingine mpya, uliza nani ameweka sahihi, unahusu eneo gani, na nani atasimamia utekelezaji. Na kabla ya kufunga mizigo, uliza walioko kijijini kama barabara ya shamba inapitika.