Ishirini na nane ya mtandaoni na ishirini na nane ya Zagayu

Mwangaluka! Wasukuma wenzangu najua mmeshaitikia. Ninyi wengine, hiyo ni salamu ya asubuhi, na kama mnasoma hii usiku basi shauri yenu.

Leo nina kisa cha aibu kidogo. Si mnajua sisi waandishi wa habari? Aibu za wengine tunazipa ukurasa wa mbele, za kwetu tunazisukuma uvunguni. Hii yangu iko uvunguni tangu katikati ya mwaka 2023 na sasa imeanza kunuka.

Iko hivi. Niliwahi kuandika gazetini makala ndefu kuhusu biashara ya mtandaoni. Ilikuwa imejaa sifa tupu. Kwamba simu imeua umbali. Kwamba mkulima wa Simiyu sasa anachagua bidhaa sawasawa na mkazi wa Masaki, analipa kwa simu na mzigo unamfuata. Mhariri aliipenda, mimi niliipenda zaidi. Baba mdogo hakuisoma, maana gazeti lenyewe halifiki Zagayu. Hapo tu ningepaswa kushtuka, lakini wapi.

Kwa wasiopajua, Zagayu ni kata katika wilaya ya Itilima, mkoa wa Simiyu. Wazee wetu bado wanasema "sisi wa Bariadi", kwa sababu kabla ya mwaka 2012 wilaya ya Itilima haikuwepo, mkoa wa Simiyu haukuwepo, na wote tulikuwa Shinyanga. Ni nchi ya pamba, ng'ombe na udongo mweusi wa mbuga ambao mvua ikinyesha unanata kwenye gurudumu mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Na ni nchi ya baiskeli. Mtu wa mjini akisema baiskeli anafikiria mazoezi au mtoto. Kwetu baiskeli ni mkokoteni, ni gari la wagonjwa, ni mahari hata, kuna ndugu zangu wameoa na baiskeli ikiwa ndani ya hesabu.

Baiskeli ya baba mdogo ni Phoenix, ile nyeusi ya Shanghai, ndefu kama twiga, yenye breki za vyuma vinavyopita juu ya usukani na kushuka mpaka kwenye ringi. Wengine walikuwa na Swala zilizotengenezwa hapa hapa Dar es Salaam, wengine Avon au Hero za India. Kenya ndugu zetu wanaiita Black Mamba. Zote ni mtoto wa mama mmoja, yaani zimeigwa kwenye zile baiskeli za Kiingereza za zamani, ndiyo maana spea ya moja mara nyingi inaingia kwenye nyingine. Baba mdogo aliinunua kwa pesa za pamba kabla mimi sijazaliwa. Nilipanda nyuma yake kwenda kuanza darasa la kwanza, miguu nimeitanua nisije nikaingiza kidole kwenye spoku. Kovu ninalo, maana siku moja nilisahau.

Basi, mwezi wa nne mwaka 2023 akanipigia. Baba mdogo hapigi, anabipu, kwa hiyo simu yake ikiita zaidi ya mara mbili unajua kuna jambo.

"Mhola, baba?"

"Mhola duhu, mwanangu. Tairi zimekwisha. Zote mbili. Pamba inakaribia kuvunwa. Mzee wa spea hapa anauza elfu kumi na tano moja."

Nikafungua simu palepale nikiwa Mwanza, kitandani. Tairi ya baiskeli, inchi 28, shilingi 9,500. Picha inang'aa, nyota nne na nusu. Duh! Nikamrudia kwa sauti ya mtu aliyesoma: "Baba, usinunue hapo. Huyo mzee anawaibia. Mimi nakuletea nzuri zaidi kwa bei ya chini."

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Haya, wewe ndiye unayejua."

Nawaomba mkumbuke hilo jibu.

Sasa twende kwenye hesabu. Tairi mbili, 19,000. Kuzifikisha Mwanza, 14,000, kwa sababu zilikuwa zinatoka nje ya nchi. Kwenye fomu ya anwani niliandika Simiyu, fomu ikasema hakuna mkoa huo, ikanitaka nichague Shinyanga. Mwaka 2022 serikali ilipita nchi nzima kutoa namba za nyumba na majina ya barabara, operesheni ya anwani za makazi, nami nilikwenda kuiripoti na kofia kichwani. Fomu ilikuwa haijasikia habari hizo. Nikakata tamaa, nikaandika Mwanza. Walisema siku 14. Zilikuja baada ya wiki saba.

Kutoka Mwanza nikazipeleka mwenyewe stendi. Mzigo wa basi kupitia Magu na Lamadi mpaka Bariadi, 3,000. Bodaboda kutoka huko mpaka nyumbani, 5,000, na hapo nilibembeleza. Jumlisheni wenyewe. Ni 41,000. Mzee wa spea "mwizi" alitaka 30,000 na duka lake unalifikia kwa miguu kabla jasho halijatoka.

Lakini pesa si kitu. Kwenye hizo wiki saba baba mdogo aliendelea kutembelea tairi za zamani. Mnajua wanavyofanya? Panapotoboka wanakata kipande cha tairi kuukuu, wanakiweka kwa ndani, wengine wanashona kabisa kwa uzi wa katani. Inatembea, ila inatembea inadundadunda kama mtu mwenye kokoto kiatuni. Siku hiyo alikuwa anatoka Lagangabilili, debe mbili za unga nyuma, tairi ya mbele ikapasuka kwenye mteremko. Akaangukia mkono wa kulia. Kiganja kikateguka. Ilikuwa wiki ya pili ya kuvuna pamba, na pamba haivunwi kwa mkono mmoja.

Hakuniambia. Nilipopiga alisema mhola duhu. Mama mdogo ndiye aliyenieleza mwezi mmoja baadaye, tena kwa bahati mbaya, alidhani najua. Walilazimika kuwalipa vijana wa jirani wawasaidie kuvuna.

Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda. Nilikuta tairi zangu zimetundikwa kwenye nguzo ya nyumba, mpya kabisa, vinywele vya mpira bado vimesimama. Na baiskeli imeegemezwa ukutani haina tairi.

"Hazikuingia," baba mdogo alisema. Basi. Hakuongeza neno.

Nikazibeba mpaka kwa fundi. Fundi wetu ni kijana mdogo kwangu kwa miaka kama sita, ofisi yake ni kivuli cha mwembe, sanduku la spana na beseni la maji ya kutafutia pancha. Alizitazama bila hata kuzishika.

"Kaka, hizi za baiskeli za gia."

"Imeandikwa 28," nikamwambia. "Na ya baba ni 28."

Akacheka. Akaigeuza tairi, akasugua vumbi kwa kidole gumba, akanionyesha maandishi madogo ambayo mimi, mwandishi, mtu wa kusoma kwa mshahara, sikuwa nimeyasoma. 37-622. Kisha akachukua tairi kuukuu ya baba mdogo. Maandishi yalikuwa yamekwisha kufutika, lakini alikuwa na nyingine mpya ya mteja, akanionyesha: 28 x 1½, na pembeni 40-635.

Hapa naomba niwachoshe kidogo, maana laiti mtu angenichosha mimi mapema. Hiyo 28 si kipimo cha kitu chochote unachoweza kukipima leo. Ni jina tu, lilibaki kutoka enzi ambazo watu walipima tairi kwa nje ikiwa imejaa upepo. Kwa hiyo zipo "28" zaidi ya moja duniani. Namba ya kweli ni ile ya tarakimu tatu, ambayo ni kipenyo kwa milimita pale tairi inapokalia ringi. Phoenix, Avon, Hero na ukoo wao wote wanavaa 635. Baiskeli za kisasa za barabarani za Ulaya wanavaa 622. Kichekesho, hata zile baiskeli za milimani wanazoziita inchi 29 nazo ni 622! Tofauti ya 635 na 622 ni milimita 13, unene wa kidole tu. Lakini ukingo wa tairi una waya wa chuma ndani, na chuma hakitanuki. Ungevuta mpaka kesho.

Mnyororo nao una mambo yake. Mpana wa baiskeli zetu ni sehemu moja ya nane ya inchi. Wa baiskeli za gia ni mwembamba, ukiuweka kwenye meno manene ya Phoenix hauketi. Fundi alinieleza yote hayo huku anaziba pancha ya mtu mwingine. Hakuwahi kufika kidato cha kwanza.

Nikaenda dukani kwa mzee wa spea. Nilijua ameshasikia, kijiji ni kijiji. Nikamsalimia kwa heshima zote, nikakaa kwenye kreti la soda. Duka lake ni chumba kimoja: tairi zinaning'inia kama nyoka kwenye dari, gololi kwenye makopo ya maziwa, pedeli, kengele, solusheni, na kalenda ya miaka mitatu nyuma. Kuna sheria moja tu humo ndani, "Lete ya zamani." Hakuna anayetaja namba. Unaleta kile kilichoharibika, anakilinganisha na kipya mkononi, unaondoka.

Nikamuuliza kwa nini elfu kumi na tano. Nilimuuliza kama mwandishi, si kama mteja, na nadhani alilijua hilo. Akasema anachukua Mwanza kwa jumla, analipa basi, na tairi moja inaweza kukaa darini miezi minne ikimngoja mtu. Halafu akatoa daftari. Kurasa kwa kurasa za majina. Nusu ya tairi za Zagayu, nilivyoona, zinatembea kwa mkopo mpaka pamba iuzwe.

Jina la baba mdogo lilikuwemo. Tarehe ilikuwa ya mwezi wa nne, siku moja kabla ya ile simu yake. Tairi mbili, malipo baada ya pamba. Halafu mstari umepitishwa juu yake.

"Alikuja akazirudisha," mzee akasema. "Akasema mwanangu ananiletea za mjini."

Jamani.

Sitaki mseme nimegeuka mtakatifu wa duka la kijijini. Mzee huyo huyo anauza tyubu ambazo zinachanika kwenye shina la valvu baada ya mwezi, na ukimrudishia anakuuliza ulijaza upepo kwa nani. Msimu wa pamba bei zake zinapanda ngazi. Na nina rafiki Dar es Salaam anayeendesha baiskeli ya mashindano yenye gia 22, yeye akisubiri gia zake zipatikane duka la jirani atasubiri mpaka kiama, hana njia nyingine ila mtandao.

Lakini hata huo mtandao si mlima usiotikisika kama nilivyouandika. Jumia walifunga huduma zao Tanzania mwaka 2019, na mimi kwenye makala yangu nililipita hilo kwa sentensi moja. Uingereza, Wiggle na Chain Reaction, magwiji wa kuuza spea za baiskeli mtandaoni, waliangukia mikononi mwa wafilisi mwezi wa kumi mwaka 2023, miezi michache tu baada ya aibu yangu. Chain Reaction wenyewe walianza kama duka dogo la familia kijijini Ireland ya Kaskazini.

Tena nikagundua jambo lililonifanya nijisikie mjinga zaidi. Wakati nimekaa pale, simu ya mzee ikalia. Ilikuwa WhatsApp. Ameshapiga picha kranki iliyokatika, ameiweka juu ya rula, ameituma kwa msambazaji wake Mwanza, jamaa anamjibu ipo. Akalipa kwa simu palepale, mzigo utapanda basi la kesho asubuhi. Ununuzi wa mtandaoni niliokuwa nauhubiri gazetini ulikuwa tayari unafanyika Zagayu, ila na mtu anayejua kupima.

Nilinunua tairi mbili, taslimu. Nikaongeza tyubu, zile za bei ya juu. Fundi alizivisha kwa dakika zisizozidi ishirini. Baba mdogo akazunguka uwanja mara moja, mkono wa kulia bado anauweka kwa uangalifu kwenye usukani, kisha akaenda zake kisimani na madumu. Kuhusu suala zima hajawahi kulitaja tena, na mimi sijui nianzie wapi.

Zile tairi zangu nilirudi nazo Mwanza. Ziko nyuma ya mlango wa chumba changu mpaka leo, bado zina vinywele. Kama kuna mtu ana ringi ya 622, na ninasisitiza 622, si "28", aje azichukue. Bei tutaelewana.