Mulongo: Meno mawili mazima yaling'olewa, kumbe ni taya

Mama huyu anauza samaki wa moshi hapa Mulongo, kando ya mto Lualaba. Ana miaka arobaini na kitu. Amekwisha kung'olewa meno mawili ambayo hayakuwa yameoza. La kwanza liling'olewa sokoni, la pili mwaka uliofuata, na kila mara alilipa. Maumivu yalibaki palepale, mbele ya sikio la kuume.

Kabla ya hapo alidhani ni sikio. Wifi yake alimtia mafuta ya moto kidogo ndani, jambo ambalo wengi wanalifanya na ambalo halifai, maana mafuta yanaweza kuunguza sikio zima. Alipofika kituo cha afya munganga alitazama na kuona sikio ni safi. Kisha akamuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: "Mama, asubuhi unaamka taya imechoka?"

Ndiyo. Imechoka kama mtu aliyetwanga usiku kucha. Kichwa kinauma pande mbili za paji, na akifungua mdomo kula bukari kitu kinalia "ka!" karibu na sikio. Watoto wake, ambao wanalala naye chumba kimoja tangu jamaa ilipopokelewa hapa, ndio waliotoa jibu lililobaki: "Mama, usiku unasaga meno kama mashini ya mahindi." Yeye mwenyewe hakujua. Majirani walisema ni minyoo, akanywa dawa ya minyoo. Wengine walisema kuna mtu anamtembelea usiku. Maneno ya namna hiyo huko mtaani hayakosi, na yameharibu undugu wa watu wengi kuliko ugonjwa wenyewe.

Weka kidole mbele ya sikio lako, ufungue mdomo na kuufunga. Mfupa unaosikia ukitembea pale ndio kiungo cha taya. Sasa uma meno kwa nguvu na uguse shavu: nyama inavimba na kuwa ngumu. Nyama hiyo ina nguvu nyingi sana kwa ukubwa wake. Kwa kawaida meno ya juu na ya chini yanagusana wakati wa kutafuna na kumeza tu, dakika chache kwa siku. Saa zingine zote yanapaswa kuachana. Mwenye kukaza meno saa nyingi anaichosha nyama ile na kukisumbua kiungo, na maumivu yanapanda sikioni, kichwani, hata shingoni. Ndiyo maana jino linashitakiwa bure.

Mama huyu alitoka upande wa Mitwaba, wakati wa Gédéon Kyungu, siku ambazo Manono, Mitwaba na Pweto ziliitwa pembetatu ya kifo. Gédéon alijitoa kwa askari wa MONUC Mitwaba mwezi wa tano 2006, lakini waliokimbia hawakuweka woga wao chini siku hiyo. Mwezi wa tisa 2011 alitoroka gereza la Kasapa, Lubumbashi, na mioyo ikaruka tena. Mtu aliyelala porini na mtoto kifuani, akisikiliza kila jani linalolia, alijifunza kufunga mdomo na kukaza meno. Vita inapopita, taya inaweza kuendelea kulinda zamu.

Isisemwe kwamba kila taya ni vita. Bei ya samaki inakaza meno, malipo ya masomo yanakaza meno, na kuna anayeumia kwa sababu alipigwa au anatafuna upande mmoja tu. Hata huko Marekani, wakati wa Covid, shirika la waganga wa meno liliuliza waganga wake mwanzoni mwa 2021, na zaidi ya 70 kwa mia walisema wagonjwa wenye kukaza na kusaga meno wameongezeka. Wale hawakukimbia bunduki.

Munganga hakumpa dawa kubwa. Alimwambia: midomo ifungwe, meno yaachane, ulimi upumzike juu, nyuma ya meno ya mbele. Mama akajitafutia alama yake: kila mnunuzi anapouliza bei, analegeza taya. Na soko la Mulongo, bei inaulizwa mara nyingi! Jioni anaweka kitambaa cha maji ya moto kidogo shavuni robo saa. Kwa majuma kadhaa aliacha mahindi ya kuchoma, miwa na muhogo mubichi, akala uji, sombe na samaki aliyeiva vizuri. Akipiga miayo anashika kidevu kwa mkono. Siku mbaya anakunywa paracetamol, si zaidi ya alivyoambiwa. Kwenye miji mikubwa waganga wa meno wanatengeneza kifuniko cha kuvaa usiku, lakini yeye hakukipata. Kuweka kitambaa mdomoni ukilala kisha kukimeza ni hatari, usijaribu.

Lakini kuna taya isiyosubiri kitambaa. Mtu aliyejikata kwa jembe au aliyechomwa na musumari, kisha baada ya siku kadhaa taya inakakamaa haifunguki, shingo inakuwa ngumu, mwili unashituka: hiyo inaweza kuwa tetanosi. Vilevile mtoto mchanga aliyenyonya vizuri siku mbili za kwanza, kisha mdomo ukakataa titi. Hao wapelekwe hospitali saa ileile, hata usiku, hata kwa mtumbwi. Chanjo ya mama mwenye mimba inamlinda yeye na mtoto. Shavu lililovimba na joto la mwili pia ni kazi ya munganga, na mdomo uliobaki wazi baada ya miayo unarudishwa na anayejua.

Mwaka huu mung'oa meno alimwonyesha jino la tatu. Mama alikataa, na jino liko. Sauti ya "ka!" bado inalia, ila haiumi kama zamani. Habari mbaya zikifika toka barabara ya Mitwaba, usiku huo anasaga tena. Mtoto mkubwa anamgusa bega, anageuka upande, meno yanaachana, wote wanalala.