Kupanda Kitonga na Gari la Zamani

Safari ya kutoka Morogoro kwenda Iringa inapendeza. Baada ya Mikumi unaingia bonde la mibuyu kando ya Mto Ruaha Mkuu, kisha Ruaha Mbuyuni penye joto na wauza vitunguu. Mbele yake ni mlima wa Kitonga, wenye kona kali na malori yapandayo polepole.

Hapo Mbuyuni tulisimama kununua vitunguu. Tuliporudi, gari letu la zamani liligoma kuwaka. Starta ilizungusha injini kwa nguvu, hivyo betri ilikuwa nzima. Ila tulinusa petroli. Tuliwashusha watoto wote na kuwapeleka mbali, maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini hadi kwenye jiko la mkaa.

Fundi aliacha injini ipoe, akapangusa mipira ya mafuta kwa kitambaa kikavu, akaifuata kuanzia kwenye tangi. Unyevu ulirudi karibu na pampu: mpira ulikuwa umepasuka chini ya kibano. Hapo petroli ilidondoka na pampu ikavuta hewa, hata kabureta ikakauka. Akaweka mpira mpya na kibano kipya, gari likawaka.

Kijana mmoja alitaka kunyonya petroli kwa mdomo ili kuijaza kabureta. Tulimkataza, maana wauguzi tunajua: ikiingia mapafuni huweza kuua. Na mtoto akiinywa, msimtapishe, mkimbizeni hospitali.

Kina mama, kabla ya kupanda Kitonga mwombeni Mungu, kisha fungueni boneti mnuse.