Mangi Ana Jina

Kila hosteli ina Mangi wake. Toka getini uulize duka liko wapi, utaambiwa tu, "Pale kwa Mangi." Awe mtu wa Rombo, wa Njombe au wa Singida, akishasimama nyuma ya nondo za dirisha akapima sukari robo, basi ni Mangi.

Neno lenyewe si dogo. Kwa Wachaga, mangi ni mtawala. Mangi Meli wa Moshi, yule aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900, aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa na watu na ardhi. Leo cheo hicho kimehamia kwenye mikate na vocha, nusu utani, nusu heshima. Si tusi, na wenyewe wanaitika.

Ila tazama upande wa pili wa dirisha. Pale karibu na droo ya hela kuna daftari la madeni. Boom likichelewa, wote tunaandikwa humo: jina, namba ya simu, chumba. Mangi wa kwetu ananijua kwa majina yangu mawili. Anajua nasoma ualimu. Anajua nani amedisko na nani mama yake anaumwa. Sisi tunajua saa anayofungua na saa anayofunga.

Muhula uliopita tulikuta kijana mgeni dukani. Tukamuuliza, "Mangi yuko wapi?" Akajibu, "Kwani mimi si Mangi?" Tukacheka. Kisha akasema kaka yake amelazwa, siku ya nne sasa.

Tukachangishana watu sita, tukanunua matunda na maji, tukapanda daladala. Tukiwa njiani mwenzetu mmoja akauliza, "Hivi pale mapokezi tutasema tunamtafuta nani?" Kimya. Mmoja akafungua simu kuangalia miamala ya zamani. Likatokea jina la mwanamke, maana laini ya kupokelea hela haikusajiliwa kwa jina lake. Na hakuna hospitali yenye wodi ya kina Mangi.

Ikabidi tupige namba ileile ya duka. "Samahani mdogo wetu, kaka yako anaitwa nani?" Miaka mitatu tunakula mikate yake, mara nyingi kwa mkopo. Kijana alinyamaza kidogo, halafu akataja majina mawili, polepole, kama anayemwandikisha mtoto shule. Tulipofika wodini tukayataja kwa muuguzi, na mgonjwa wa kitanda cha dirishani akageuza shingo kabla hajaonyeshwa sisi ni nani.

Nimekiwaza sana kile kichwa kilivyogeuka. Nilipokuwa fildi, nilifundisha darasa lililojaa hadi mlangoni. Ukisema "wewe wa nyuma," wanatazamana tu. Ukitaja jina, mmoja anasimama, na kesho yake anawahi. Mtoto anayejua kwamba mwalimu ana jina lake anajua pia kwamba asipokuja ataulizwa.

Hapo ndipo cheo kinapopungua. Cheo kina mbadala: kaka akiugua, mdogo wake anakaa dirishani, na Mangi yupo, sukari inapimwa. Aliyelala hospitali hana mbadala, na hatuwezi kumtafuta kwa cheo.

Najua utasema, sasa nimuulizeje, na mwaka wa tatu huu? Aibu ipo kweli. Lakini mlango uko kwenye daftari. Siku unayolipa deni, jina lako linapokatwa mstari, mwambie, "Mangi, langu unalo hapo siku zote. Lako je?" Hakuna mwenye duka atakayekasirika.

Mangi wetu amesharudi, amekonda kidogo, na bado tunamwita Mangi maana mwenyewe analipenda. Tofauti ni kwamba sasa namba yake tumeihifadhi kwa jina lake. Silitaji hapa. Ukipita kununua mkate, muulize mwenyewe.