Nilivyowatembelea Wahadzabe wa Ziwa Eyasi

Mimi ni mkulima wa Karatu. Kila mwaka huteremka Mang'ola kununua vitunguu. Huko kuna chemchemi, na maji yake humwagilia mashamba makubwa. Karibu na hapo liko Ziwa Eyasi. Maji ya ziwa hilo ni ya chumvi, hayanywewi.

Wahadzabe wanaishi kando ya ziwa hilo. Hawafiki hata 2,000. Wengi wao bado wanawinda, wanachimba mizizi na kuokota ubuyu. Kwa miaka mingi nilipita karibu nao bila kuwajua. Mwaka juzi nilisema, mara hii nitawatembelea.

Kijana mmoja wa Kidatoga alinipeleka alfajiri. Baba yake ni mhunzi. Hufua vyembe vya mishale, na Wahadzabe humpa asali. Tuliwakuta wanaota moto chini ya mbuyu.

"Shikamoo mzee," nilisema. "Nimekuja kuwaona Watindiga."

"Marahaba. Lakini sisi ni Wahadzabe," alijibu kwa Kiswahili. "Hilo jina tumepewa na watu wengine."

Niliona haya. Kwetu tumelitumia jina hilo tangu utotoni.

Kisha wakaongea lugha yao. Ina sauti za ulimi kugonga kaakaa, na haifanani na lugha ya jirani yeyote. Mimi sikuambulia hata neno moja.

Tulifuatana na vijana porini. Ndege mdogo alikuja akilia juu ya miti. Kijana mmoja alimjibu kwa mluzi. Ndege akaruka mbele, akangoja, akaruka tena, mpaka kwenye mti wenye nyuki. Watu huchukua asali, naye ndege hula nta. Kama nisingeona mwenyewe nisingeamini. Asali ile tuliila palepale, na masega yake.

Tuliporudi nikauliza swali ambalo kila mgeni huliuliza. "Mzee, mbona hamlimi?"

"Miaka ya 1960 serikali ilitukusanya Yaeda Chini ili tulime," alisema. "Wengi tulirudi porini. Sasa nikuulize wewe, mwanangu. Hapo unaponunua vitunguu palikuwa na nini?"

Sikujua.

"Palikuwa na miti ya asali. Wanyama walikuja kunywa maji. Nikiwa mtoto tuliwinda hapo."

Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, Wilaya ya Mbulu, walipata hati ya kimila ya ardhi yao, karibu hekta 20,000. Nilifurahi kusikia hivyo. Lakini bonde hilo si hapa kwenye vitunguu.

Niliaga, nikaenda kupakia magunia yangu 12. Pembeni ya shamba palikuwa na kisiki kibichi, kikubwa. Nilimwuliza mwenye shamba kama mti ule ulikuwa na nyuki. Alisema hakuangalia.