Nondo Chini ya Daraja

Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipotishia Mtwara tulihamishwa kutoka mabondeni, lakini kikaenda kutua Cabo Delgado, ng'ambo ya mto Ruvuma. Tukamshukuru Mungu. Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya. Mvua yake iliikuta ardhi imeshashiba masika, na barabara kuu ya Dar es Salaam ikakatika sehemu kadhaa wilayani Kilwa, Somanga ikiwemo. Sisi wa kusini tukabaki na kuzunguka Masasi, Tunduru hadi Songea.

Mimi ni fundi mwashi wa Mtawanya. Maji yalipopungua nilipata kibarua cha kutengeneza barabara, na hapo ndipo macho yangu yalipofunguka. Mzee aliyetusimamia hakushughulika na zege. Alishuka mtoni akanipa nondo ndefu.

"Fundi, chomeka hapo, ubavuni mwa nguzo."

Mchanga ulionekana umetulia, lakini nondo ilizama kama kwenye uji. Akanieleza kwamba mto ukibanwa na daraja huongeza kasi na kuchimba msingi. Mafuriko yakishuka, mchanga laini hulijaza shimo hilohilo, na apitaye juu haoni lolote. Magogo nayo yakiziba uwazi, maji hutafuta pembeni na kulila tuta. Ndiyo maana huwa tunakuta daraja limesimama peke yake, barabara imekwenda.

Tangu hapo sipiti daraja bila kushuka chini yake. Kabla ya masika, na kila baada ya mvua kubwa, nakagua makalavati ya kwetu na nondo yangu, napaka rangi maji yalipofikia, na vijana hunisaidia kutoa magogo. Ninachokiona napeleka kwa mtendaji, ili kiwafikie TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Inaniuma kuona tuta zima likiondoka kwa sababu ya kalavati ambalo watu wachache wangelizibua kwa majembe.

Wahandisi nawauliza jambo moja: upana wa makalavati haya umekadiriwa kwa mvua ya miaka ipi? Lindi ilipigwa na kimbunga mwaka 1952, Kenneth akatukosakosa, Hidaya akafika. Vipimo vya masika ya kawaida havitoshi tena. Kwa hiyo nawafuata wazee, wanionyeshe maji yaliwahi kufika wapi. Bibi mmoja alinipeleka hadi kwenye mwembe wake, akaniambia maji yaliwahi kufika hapo. Shina lake liko juu kuliko kalavati tulilojengewa, na hilo nimeliandika kwenye taarifa ya mwaka huu.